Kamio Yenye Kikohozi kwenye Mteremko wa Nyamitaba

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, na nikalikosa kwa kishindo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, leseni mpya mfukoni, shati lililopigwa pasi ya makaa, na viatu nilivyoazima kwa mjomba wangu. Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea mwisho. Fujo za mwanzo wa uhuru zilikuwa zimetulia kidogo na watu wa Masisi walikuwa na hamu kubwa ya kuuza maharagwe yao. Kampuni iliyonichukua ilikuwa na malori matano, ambayo sisi tuliyaita kamio, na garaji ya mabati pale Masisi. Nilimkuta Mekanisie Mkuu, Papa Anselmi, amelala chini ya gari. Niliona miguu yake kabla ya kuona uso wake, na miguu hiyo ndiyo iliyonisaili.

"Weye njo shofere mupya?"

"Njo miye, Papa."

"Mulima ukianza kushuka, unafanyaka nini?"

Nikajibu kwa fahari, "Natia ru-libre, Papa. Naokoa mazutu."

Vijana wa leo, niwaeleze. Ru-libre ni kutoa gia kabisa, injini ikabaki inanong'ona bila kazi, na gari likateremka kwa uzito wake lenyewe. Kwetu hiyo ilikuwa elimu ya juu. Mashofere walishindana nani ataanzia kileleni na kufika darajani bila kugusa gia hata mara moja. Kamio ikipita kimya, upepo tu unavuma kwenye turubai, akina mama sokoni walipiga vigelegele na kusema huyo ni shofere kweli. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa shida kupatikana, kwa hiyo hata mabosi walitufumbia macho.

Papa Anselmi alitoka chini ya gari, akajifuta mikono polepole, akanitazama kuanzia viatu vya mjomba hadi nywele.

"Basi haujue kuendesha. Unajua kuanguka tu, polepole."

Wenzangu walicheka hadi wakaegemea ukuta. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Lakini moyoni niliumia. Nikaapa kwamba mzee huyu atanifundisha, apende asipende.

Alinifundisha. Kamio niliyopewa ilikuwa ya tani saba, na nyuma yake ilivuta remorki ya magurudumu manne, iliyofungwa kwa chuma kirefu tulichokiita timoni. Hakuna shofere mwingine aliyeitaka. Wote waliiogopa ile remorki, kwa sababu ukiwa mteremkoni inakusukuma kwa nyuma, na ukikanyaga breki bila hekima inakupita ubavuni na kukukunja wewe na kamio yako. Breki za kawaida nazo zina tabia zake. Ukizikanyaga mteremko mzima zinapata moto, zinatoa moshi, na mwisho unakanyaga pedali ambayo haikusikilizi tena.

Dawa ya Papa Anselmi ilikuwa kifaa alichokiita ralantisere. Sisi tulikiita mufuniko, kwa kuwa ndivyo kilivyokuwa. Ndani ya bomba la moshi alifunga kibati cha duara kinachozunguka kwenye ekseli yake ndogo. Sakafuni, chini ya kisigino chako cha kushoto, palikuwa na kitufe. Ukikikanyaga, kibati kinaziba bomba, mazutu inakatika, na injini inabaki inasukumana na pumzi yake yenyewe isiyo na pa kutokea. Hapo injini inageuka kuwa breki. Inayashika magurudumu ya nyuma, nawe unateremka ukiwa umekaa kama bwana harusi, breki za miguu zikiwa baridi, zikingoja siku ya hatari.

Lakini kifaa hicho kina masharti yake. Hakifanyi kazi kama gia haimo. Kwa hiyo unachagua gia kabla mteremko haujaanza, tena gia ile ile ambayo ungeipandia mlima huo. Ukishaanza kushuka usiguse klachi, maana ukiigusa umeyaachia magurudumu. Na ukiwa na remorki kwenye matope, usiukimbilie mufuniko. Vuta kwanza, taratibu, mkono wa breki ya remorki ulio pembeni ya usukani. Remorki ikiwa inakuvuta nyuma kidogo, msafara wote unabaki umenyooka. Papa Anselmi alinikalisha kwenye kiti na kunifanya nirudie hayo kwa sauti, kama katekista na wanafunzi wake wa komunyo ya kwanza.

"Remorki iko nyuma, lakini uifikirie ya kwanza," aliniambia. "Ukiisahau, yeye hatakusahau."

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa sauti. Mufuniko ukifungwa, kamio ililia. Ilitoa mngurumo wa kooni, kho-kho-kho, kuanzia juu kabisa mpaka bondeni. Juu ya barabara ya Nyamitaba, ambako wafugaji wana ng'ombe zao na wakulima wana maharagwe yao, watu walisimama na majembe kutazama nani anakufa.

Sokoni walinipa jina siku ya kwanza tu niliposhuka nayo. Nikawa Shofere wa Kikohozi. Mama mmoja muuza ndizi alinifuata na majani mkononi.

"Kaka Dismasi, kuja uchukue hii dawa ya kifua. Haiko yako, iko ya kamio!"

"Asante Mama, ninywesheye kijiko ngapi?"

"Ndoo mbili, asubuhi na mangaribi!"

Soko zima likacheka. Mimi ni mtu wa kupenda utani, nilijibu na kucheka nao. Lakini ikiwa kila Jumatatu, siku ya soko, watu wanakukoholea, na mwenzako anapita kimya na kupigiwa vigelegele, unaanza kuchoka. Nilikuwa kijana, na niseme ukweli, kulikuwa na wasichana.

Jumatatu moja niliondoka Nyamitaba na mzigo kamili. Magunia ya maharagwe yalikuwa kwenye kamio, na kwenye remorki palikuwa na magunia mengine na madumu ya maziwa ya wafugaji. Vijana walikuwa wamejipanga ukingoni mwa barabara, mikono kwenye vifua, tayari kukohoa. Nikasema moyoni, leo hamtakohoa. Nikatoa gia.

Jamani, ilikuwa tamu! Kamio ikateleza kimya. Nilisikia vigelegele vikibaki nyuma yangu, nikasikia hata ndege. Nilijiona mfalme kwa muda wa kona mbili. Kwenye kona ya tatu palikuwa na ng'ombe wa Papa Zakaria.

Papa Zakaria alikuwa mfugaji wa hapo, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kanisani kila siku ya juma. Ng'ombe wake walivuka barabara pale kwenda majini. Wiki zote walipita salama, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Siku hiyo walikuwa katikati, kumi na zaidi, na Papa Zakaria katikati yao na binti yake mdogo.

Nilikanyaga breki. Zilishika, kisha zikaanza kunuka. Nilijaribu kurudisha gia, gia ikasaga meno na kukataa, kwa sababu magurudumu yalikuwa yanakimbia kuliko injini. Remorki ilinisukuma mgongoni, nikaiona kwenye kioo ikianza kuchungulia ubavuni. Hapo mkono wangu ulikumbuka kabla ya kichwa. Nikavuta breki ya remorki, ikanyooka, na nikaelekeza kamio upande wa mlima, mbali na korongo. Tulipanda ukingo, tukaingia katika shamba la maharagwe, tukalala humo.

Hakuna aliyeumia. Niliposhuka na kupita kando ya remorki, dumu zima la maziwa lilinimwagikia kofiani. Ng'ombe mmoja alikuja akaramba taa ya mbele ya kamio, kisha akaramba mkono wangu. Papa Zakaria alimshika binti yake begani. Hakunitukana. Aliuliza tu kama nimevunjika mahali.

Kama ningeliishia hapo, hiki kingekuwa kisa cha kuchekesha. Lakini jioni ile, kwenye garaji, Bwana Mkurugenzi alikuwa ananisubiri. Alikuwa mtu mwenye haraka, mwenye tai hata kwenye matope, na tangu mwanzo hakuupenda mufuniko wa Papa Anselmi. Alisema hatuhitaji vitu vya ajabu.

"Nini ilifanyika?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo, na uongo ukatoka kabla yangu.

"Mufuniko ulikataa, Bwana Mkurugenzi. Nilikanyaga, hakuna kitu."

Alimgeukia Papa Anselmi. "Niliwaambia. Yule mwenye kuweka kile kintu njo mwenye makosa. Mekanisie, Siku ya Posho utarudisha funguo ya garaji na ya nyumba. Hiyo remorki tutauzisha."

Siku ya Posho ni Jumamosi, kwa wasiojua Kiswahili chetu. Papa Anselmi alikuwa amekaa miaka mingi katika nyumba ndogo ya kampuni nyuma ya garaji, na mke wake, Mama Feza, na watoto watano. Nilingoja alipuke. Alisema tu, "Ndiyo, Bwana Mkurugenzi," akachukua spana, akaenda kuitazama kamio.

Nilimwona akifungua bomba la moshi. Akautoa mufuniko, akaupangusa masizi, akauzungusha kwa kidole. Ulizunguka laini bila kukwama. Akaurudisha mahali pake, akakaza boliti, wala hakunitazama.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Kila asubuhi nilikwenda garaji mapema kumuuliza kama anahitaji mkono wa kumsaidia. Naye alinipa kazi: shika hapa, leta spana namba fulani, pangusa hii. Alinifundisha hata jinsi ya kupima pengo kati ya kibati na bomba, kana kwamba kuna Jumatatu nyingine. Nilitamani anipige. Jumanne nilifika nimejiandaa kusema, nikasema kuhusu mvua. Jumatano nikasema kuhusu maharagwe. Alhamisi sikusema lolote.

Ijumaa asubuhi Papa Zakaria akaingia kwenye uwanja wa garaji na fimbo yake na dumu dogo la maziwa. Nikajua nimekwisha. Bwana Mkurugenzi alitoka ofisini, naye alidhani mzee amekuja kulalamika kuhusu shamba.

"Hapana, Bwana," Papa Zakaria akasema. "Ile shamba iko ya mudogo wangu, tulisha kusikilizana. Nilikuya kuuliza kitu kimoja. Ile kamio itapona lini?"

"Itapona nini?"

"Irudie kukohoa. Siye tulikuwaka tunaicheka, ni kweli. Lakini ikikohoa kule yulu ya mulima, ng'ombe zinaisikia kabla yetu. Zinatoka mu njia zenyewe, hata sipige fimbo. Siku ya Kwanza ile ya soko, Jumatatu, haikukohoa hata kidogo. Ilikuya kimya sawa zile zingine. Mutoto wangu alikuwa pale katikati." Akaweka maziwa chini. "Nakuomba, muirudishie kikohozi yake."

Bwana Mkurugenzi alicheka kwa sauti. Hakuelewa alichoambiwa. Alimshukuru mzee kwa maziwa na kugeuka kurudi ofisini. Papa Anselmi alikuwa ameinama juu ya gurudumu hatua tatu kutoka kwangu. Alielewa kila neno, lakini hakuinua kichwa, akaendelea kukaza nati ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Ningeweza kunyamaza. Njia ya kuponea ilikuwa wazi kabisa, na Mkurugenzi alikuwa amekwisha kushika kitasa. Lakini moyoni nilimwona tena binti yule barabarani, nikasikia aibu ikinipanda kama homa.

"Bwana Mkurugenzi!" Nilipaza sauti kuliko nilivyotaka. "Mufuniko haukukataa. Sikuukanyaga. Nilitia ru-libre ili watu wasinicheke. Nilidanganya. Papa Anselmi hana kosa hata moja."

Mkurugenzi aliachia kitasa. Kisha nikatukanwa, wapendwa wasomaji, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa Lingala, na kwa lugha moja ambayo mpaka leo sijaitambua. Nilistahili yote. Alipochoka, alinyoosha mkono, nikampa funguo za kamio.

"Wiki sita utakuwa unapangusa masizi kwa Mekanisie," akasema. "Kisha utarudi kwenye remorki, na utabeba maziwa ya huyu mzee. Mimi mwenyewe nitaonja. Kama ukiyatikisa mpaka inakuwa siagi, unarudi kwenu kulima." Akamtazama Papa Anselmi kwa muda, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mekanisie, ukae na funguo zako."

Papa Anselmi akasema, "Ndiyo, Bwana Mkurugenzi," sauti ile ile ya Jumatatu. Kisha akanitupia kitambaa kichafu. "Anza na ile kamio ya pili. Iko na masizi mingi."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kupewa kazi chafu.

Baada ya wiki sita niliteremka Nyamitaba nikiwa na madumu kumi na mawili, gia ya pili, kisigino kwenye kitufe, kamio ikikohoa hadi milimani. Bondeni Bwana Mkurugenzi alifungua dumu, akatia kikombe, akanywa, akafuta midomo kwa tai yake. Yalikuwa maziwa. Alikunywa kikombe cha pili, nikajua nimepona. Mwaka haukwisha kabla kamio zote tano hazijafungwa mufuniko, na ng'ombe wa Nyamitaba walijua saa zetu kuliko sisi wenyewe. Akina mama walisikia kikohozi kileleni wakatoka na madumu yao, wakakuta mimi nafika nao wanafika. Vigelegele nilivipata pia, tena vya kutosha, na binti mmoja kati ya waliovipiga ndiye mama wa watoto wangu. Yeye husema alinipigia kwa huruma.

Kutoka hapo nilipelekwa depo ya Walikale. Ukitoka milima ya Masisi unaingia msituni, joto linakupokea, na barabara inageuka kuwa uji. Shefu wa Depo alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyeamini kwamba msituni hakuna haja ya kifaa cha mlimani. Nilimchukua katika kiti cha pembeni hadi Buleusa, na remorki imejaa mpunga na mafuta ya mawese. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa kwanza alishika mlango kwa mikono miwili.

"Dismasi, fren! Kanyaga fren!"

"Hapana, Shefu. Nikikanyaga hiyo breki tutakwenda kulala mu muto."

Nilivuta mkono wa remorki kidogo, gia ya kwanza, mufuniko sikuugusa mpaka tulipopata ardhi ngumu. Tulishuka mwendo wa bibi anayekwenda misa. Alipofika chini aliachia mlango na kujicheka mwenyewe.

"Nilisha kutubu zambi zangu zote," akasema, "hata zile sijafanya bado."

Watoto wa Buleusa walitunga mchezo wa kamio. Mmoja mbele, mwingine nyuma amemshika shati, wanashuka kilima wakikohoa. Aliye nyuma akimpita wa mbele, wote wanaanguka na kuanza tena. Nilisimama kuwatazama mara nyingi kuliko ratiba yangu ilivyoruhusu. Walikuwa wameielewa remorki kuliko mashofere wengi wenye leseni.

Nilivuta remorki hadi nywele zikawa nyeupe, na nilistaafu magoti yakiwa yamechoka lakini macho mazima. Kisigino changu cha kushoto kina ugumu ambao hakuna kiatu kimewahi kuuzoea. Mkiniuliza leo kazi ilikuwa nini, nitawaambia kwamba kupanda kila mtu anajua, mashine inakusaidia. Kazi yetu ilikuwa kushuka, na kumkuta kila mtu barabarani mzima kama tulivyomwacha. Nashukuru kwamba katika miaka yote ile hakuna mtu wala ng'ombe aliyekufa mbele ya kamio yangu.

Papa Anselmi alifariki mzee sana, akizungukwa na wajukuu. Katika siku za matanga kila mtu alisimulia alichokijua, na watu walicheka mno kwa maana marehemu alikuwa na maneno. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasimulia habari ya mufuniko na uongo wangu. Watoto wake hawakuwa wameisikia kamwe. Nilidhani maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu. Nikamgeukia Mama Feza, nikamwomba msamaha mbele ya wote kwa wiki ile aliyokaa akijua wanatolewa katika nyumba.

Mama Feza alikuwa amekaa mkekani. Akapunga mkono.

"Wacha, Dismasi. Nilikuwa nilisha kufunga masahani yote na mablangeti, nalia. Papa Anselmi akaingia, akaniambia: 'Mama, fungula bile bintu ulifunga, upike. Ule kijana atasema.' Nikamuuliza: 'Alikuambia?' Akasema: 'Hapana. Lakini kila asubuhi anakuyaga ku garaji.' Basi nikafungula, nikapika sombe."

Nikamuuliza ilikuwa siku gani.

"Jumatano," akasema.

Mimi nilisema ukweli Ijumaa.